Cha Kutandika Juu ya Sakafu Yenye Joto

Mwanangu Rahma,

Marahaba. Nimetangulia kuitikia kabla hujaniamkia, na najua ukifika hapo utacheka useme, "Ndiye Baba huyo." Haya, ndiye. Nimekaa dukani baada ya sala ya alasiri, mlango nimeufunga nusu, na kila anayechungulia namwambia leo hatuuzi. Nyumbani hakukaliki. Mama yako na mama zako wadogo wamelifungua sanduku lako ukumbini, wanalijaza, wanalitoa, wanalijaza tena. Nilipoondoka walikuwa wanabishana juu ya papa mkavu. Mama yako anataka uchukue wa kukutosha mwaka mzima, na mama yako mdogo anasema huko mlimani utawahamisha majirani kwa harufu.

Najua utakavyosema: kutoka hapa Sur pwani mpaka huko mlimani Jabal Akhdhar ni mwendo wa saa nne, tano za gari, na mimi naandika barua ndefu kana kwamba unakwenda Ulaya. Kweli. Lakini harusi imekwisha wiki jana, na kesho wewe na Yasir mnaondoka. Mtakaa kwa wazazi wake mpaka nyumba yenu iishe, na utalala juu ya sakafu ambayo si mimi niliyeitandika. Hilo halijapata kutokea tangu uzaliwe. Hata kule Nizwa ulikosoma uuguzi, chumba chako cha bwenini nilikuja nikakitandika mimi, wenzako wakanicheka nikiwa nimepiga magoti na kisu cha kukatia zulia.

Mambo ya kula, nguo za baridi na namna ya kuishi na mama mkwe, mama yako ameshayasema, mengine mara nne. Mimi nina swali lako moja tu la kujibu.

Wiki tatu zilizopita uliniletea ujumbe wa sauti kwenye simu. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ulisema, "Baba, shikamoo. Ile nyumba yetu, chini wameshalaza mabomba ya maji ya moto, sakafu yote inapata joto. Sasa imebaki saruji tupu. Juu yake nitandike nini? Wewe ndo mjuzi." Na mimi, niliyeuza mazulia na vigae miaka thelathini, ambaye mteja akiingia humwambia anachotaka kabla hajafungua mdomo, nikakuandikia neno moja: "Nitaangalia." Sijakujibu mpaka leo.

Sababu unaijua nusu. Bibi yako alipougua nilikuficha, ukaja kukuta tumeshamzika. Tangu hapo, miaka miwili sasa, hukuniuliza kitu. Adabu yako haikupungua hata kidogo. Shikamoo nilipata kila asubuhi, na chai uliniletea. Lakini maswali yako yote yalikwenda kwa mama yako. Kazi ukubali ipi, gari ununue gani, hata huyo Yasir, mimi niliambiwa wakati watu wameshachagua siku. Hili la sakafu ndilo swali la kwanza kunijia. Nikaogopa, Rahma. Baba yako aliogopa swali la vigae, kwa sababu nikilikosea hili, la pili huliulizi.

Basi nianze na mahali nilipokosea zaidi katika kazi hii. Hadithi yake umeisikia mara nyingi, ila siku zote nilikusimulia nusu.

Ulikuwa darasa la tatu au la nne nilipopata kazi yangu ya kwanza kule kule mlimani unakokwenda. Mzee mmoja, Hamed, ujana wake alikuwa na duka Chake Chake, kisha akarudi kwao kulima makomamanga. Mwanawe alikuwa amesoma nchi za baridi, na alipomjengea baba yake majlisi mpya ya kupokelea wageni alilaza mabomba ya maji ya moto ndani ya sakafu. Mzee akasikia kuna mtu Sur anauza mazulia na anasema Kiswahili, akaniita. Nadhani Kiswahili ndicho kilichompendeza, mazulia yalifuata.

Mimi sakafu ya moto sikuwahi hata kuisikia. Sisi watu wa Sur tunamwomba Mungu sakafu ipoe. Yule mtoto wa Mzee Hamed, injinia mzima mwenye ndevu, akanieleza kwa upole: "Ami Said, hii sakafu usiifunike sana. Weka jiwe au vigae. Kama lazima zulia, basi liwe jembamba." Nikamtazama kama ninavyokutazama wewe unapoendesha gari. Majlisi bila zulia! Mgeni umkalishe juu ya kigae kama samaki sokoni! Nikaanza kazi. Kwanza nikaweka sponji nene, ile ukikanyaga mguu unazama. Juu yake zulia la ukuta hadi ukuta. Mzee alikuwa na mazulia mawili ya kufumwa kwa mkono, urithi wa baba yake, na hayo nikayatandaza juu ya lile zulia. Mwisho magodoro kuzunguka kuta zote nne, na mito ya kuegemea. Ilipendeza, mwanangu. Nilipiga picha.

Siku ya pili kulikuwa na karamu ya harusi ya mjukuu wake, na watu walipanda kutoka Nizwa na Al Hamra. Ilikuwa Januari. Baridi ya kule hujaijua bado. Wageni wakakaa, wakala halwa, wakanywa kahawa, na hakuna aliyevua joho. Mzee Hamed akamwambia mwanawe aongeze moto. Akaongeza. Baada ya nusu saa akamwambia aongeze tena. Watu wakisalimiana, mvuke unawatoka midomoni. Mara bwana mmoja mnene wa Al Hamra, aliyekaa pembeni, akaangusha tende nyuma ya godoro. Akalisukuma godoro, akainua ncha ya zulia na sponji yake kuitafuta, akatia mkono, na hakuutoa.

"Ya jamaa," akasema, "huku chini kuna kiangazi!"

Akaingiza miguu. Jirani yake naye akaingiza. Haikupita muda nikaona wazee ishirini, na vilemba vyao na majambia yao, magodoro yamesukumwa katikati, wao wamejifunika zulia langu mpaka kiunoni kama watoto kwenye shuka moja, wanakunywa kahawa na kumshukuru Mungu. Mzee Hamed akaniita mbele ya wote: "We Said we! Sakafu umeivisha majoho matatu, sie umetuacha uchi!"

Hapo ndipo nilipokuwa nikiikata hadithi, mkacheka, nami nikacheka nanyi. Nusu ya pili ni hii.

Wageni walipoondoka, yule injinia aliniomba niitoe sponji, basi. Nikakataa. Nikasema sponji haina kosa, mabomba ndiyo yaliyoziba. Mimi, ambaye siku tatu nyuma sikujua kama mabomba hayo yako duniani! Nikasema kwa sauti kubwa na uhakika mwingi hata Mzee Hamed akanisadiki, kwa kuwa alinipenda. Nikachukua nyundo na patasi, nikavunja kona ya sakafu kutafuta palipoziba. Hapakuwa pameziba popote. Bomba lilikuwa zima mpaka nilipolifikia mimi. Maji ya moto yakaruka mpaka dirishani na yakayalowesha mazulia ya urithi. Nilivunja sakafu ya mtu kwa sababu sikutaka kuinua zulia langu.

Yule kijana hakunigombeza. Alikimbia akafunga maji, akarudi na taulo, akanipa mimi kwanza nijifute. Ile taulo ilinichoma kuliko maji. Nikakaa kule siku kumi nikirekebisha kwa mkono wangu, na yeye akinifundisha jioni, bila kunitambia hata mara moja.

Nikupe nilichojifunza siku zile, na baadaye katika nyumba nyingine za mlimani. Jiwe na kigae hupitisha joto upesi, na hukaa nalo hata moto ukizimwa. Lakini moto usipowashwa ni baridi kama kawaida yao, na kikombe kikianguka usikitafute. Mbao zinapendeza machoni na mguuni, ila ubao wa kipande kimoja ukipashwa joto kila siku hujikunja na kuachana na mwenzake. Ukitaka mbao chukua zile zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, na fundi aache nafasi ndogo kando ya ukuta zipate kutanuka. Ile plastiki inayojifanya mbao ni nyepesi kufagia, lakini si kila aina inastahimili moto. Soma boksi, na kama halikusema, usinunue hata kama duka ni la baba yako. Zulia jembamba lisilo na sponji linapitisha joto kiasi chake. Lile nene umeshasikia habari zake.

Chochote utakachopenda, saruji ikauke kwanza, moto uwashwe kidogo kidogo siku kadhaa, uzimwe, ndipo mtandike. Mkishatandika msiwe na pupa ya kuuwasha tena. Magodoro ya majlisi yawekeni juu ya vibao vyenye miguu ili hewa ipite chini. Na mtu yeyote asipige msumari sakafuni mpaka aone picha ya mabomba yalipopita. Hilo anakwambia mwenye nyundo.

Umeona? Sikukuchagulia. Jasho limenitoka, lakini sikukuchagulia.

Sasa niseme la bibi yako. Ulikuwa Nizwa, imebaki wiki moja umalize mitihani yako ya mwisho. Kila jioni ulipiga simu ukamtaka, na simu nilishika mimi. Nilikwambia kalala. Nilikwambia anasali. Siku moja nikasema ana wageni, na hapo chumbani tulikuwa mimi na yeye tu, namlisha uji kwa kijiko. Mama yako alinivuta pembeni: "Mwambie. Huyu si mtoto, tena huyu ndiye muuguzi wa nyumba hii." Nikamjibu, atasoma vipi akijua? Wewe ukaingia chumba cha mtihani siku ileile tuliyomzika. Ulifaulu. Ulipofika nyumbani, siku ya pili ya msiba, ulinitazama ukasema, "Uliamua wewe, Baba." Nikakwambia ule kwanza.

Miaka miwili nimekuwa nikijitetea mwenyewe kwa mwenyewe, kwamba nilikuhifadhi. Sikukuhifadhi. Nilikunyima kumuaga bibi yako, na yeye nikamnyima kukuona, maana aliniuliza, "Rahma yuko wapi?" na hata yeye nikamdanganya kwamba uko njiani. Ungefeli mtihani, ungeurudia mwaka unaofuata. Bibi haurudiwi. Nisamehe, mwanangu. Neno hili halijanitoka kwa mdomo. Kesho asubuhi nitajaribu kulitoa, na nikishindwa, wewe ujue limeshaandikwa.

Yeye mwenyewe bibi yako alinijua vizuri. Alikuwa akisema, "Said anafunika hata sufuria tupu," kisha anacheka mpaka anakohoa. Naamini angeicheka na barua hii.

Nimekatizwa hapo na simu, na sasa imenibidi nikwambie jambo nililokuwa nimekusudia nisikwambie. Juma yuko Bidbid.

Juma, dereva wetu, ameondoka hapa adhuhuri na lori. Ndani mna maboksi sitini ya vigae vya kijivu, vizuri kuliko vyote nilivyonavyo, na gundi yake. Juu ya vigae, usicheke, mna zulia. Nene. Nililiviringisha kwa mikono yangu. Mambo niliyapanga hivi: mtakapofika kesho mkute mzigo mlangoni, Yasir aseme, "Mashallah, Baba kashaleta," na swali lako liwe limejibiwa bila mimi kulijibu. Muda wote huu nilipokuwa nakuandikia habari za kutokukuchagulia, chaguo langu lilikuwa liko barabarani linakwenda. Nilijua, na bado niliendelea kuandika. Ndivyo alivyo baba yako, na afadhali ulijue hili leo kuliko kulikuta mlangoni.

Juma haipiti chai, na njia yetu ya Sur inapokutana na njia ya Nizwa chai iko kila upande. Akasimama pale, akanipigia.

"Bosi, niko Bidbid. Nishike Nizwa moja kwa moja usiku huuhuu, au nilale hapa nipande mlima asubuhi?"

Barua hii iko mbele yangu, kalamu mkononi, na macho yangu yako pale nilipoandika neno nisamehe. Nikaona haya, Rahma. Peke yangu dukani, nimeona haya.

"Geuza," nikamwambia. "Rudi Sur."

"Wallahi? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mwenye sakafu hajachagua."

Akauliza: "Na zulia nirudi nalo?"

"Na zulia."

"Alhamdulillahi!" akasema. "Mimi tangu mchana naliangalia kwenye kioo, nasema, yaani huyu mtu hakomi?" Juma alikuwepo siku ile ya wazee ishirini. Sponji aliibeba yeye begani.

Basi sasa yuko njiani anarudi, na mimi nimebaki na swali lako. Uliniuliza utandike nini. Jibu langu ni kwamba sijui. Ninavyovijua nimekuandikia vyote. Kilichobaki kinajulikana kwa mguu, na mguu ni wako. Mkifika, nendeni kwenye nyumba yenu siku moja moto umewashwa na siku nyingine umezimwa. Tembeeni peku juu ya saruji, kaeni pale mtakapokaa na wageni, simama pale utakapopikia. Mkibishana, bishaneni wenyewe. Ukitaka vigae, ninavyo. Ukitaka mbao, sina nzuri, lakini kuna mwenzangu Nizwa anazo, nitakupa namba yake na sitamsema vibaya, au nitamsema kidogo tu. Na ukiona kitu ambacho mimi sijapata kukisikia, kinunue bila kuniuliza, kisha siku moja nieleze kama alivyonieleza yule injinia, nami safari hii nitasikiliza.

La mwisho ni hili, kisha nifunge duka. Si hofu ya kukosea peke yake iliyonikawiza kukujibu. Ulikuwa unangoja jibu langu, na mtu anayengoja jibu nyumbani kwa baba yake bado hajaondoka. Wiki tatu nimekushika kwa hilo neno "nitaangalia," na kila siku nilipolitazama kwenye simu nilifurahi.

Jibu umeshalipata. Nenda, mwanangu. Tandika utakacho, mimi nitakuja kukikalia.

Ni mimi baba yako, Said